Asiyekuwepo na Lake Halipo





Kijana wa Kiongoroni, Jaja au Pombwe anapokamatwa mtoni akiwa na mzigo wa boriti za mikandaa asizokuwa na kibali chake, swali la kwanza linaloulizwa barazani kwetu ni hili: sheria hii imetoka wapi, na nani aliyeitunga? Swali ni zuri, lakini mara nyingi huulizwa kwa hasira na kuachwa hapo hapo bila ya kutafutiwa jawabu. Katika toleo hili tumeona tulitafutie jawabu lake kwa kurejea historia ya chombo kilichowatungia sheria babu zetu, ili tujue walitendewa nini, na sisi tunajitendea nini leo.

Tarehe 7 Desemba 1926, mjini Dar es Salaam, Gavana Sir Donald Cameron alifungua kikao cha kwanza cha Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la LEGCO. Kabla ya siku hiyo, tangu Amri ya Kifalme ya mwaka 1920, sheria za nchi hii zilitolewa na Gavana peke yake. Wajumbe wa Baraza hilo jipya walikuwa 20, na wote waliteuliwa. Kati yao 13 walikuwa watumishi wa Serikali na 7 hawakuwa watumishi. Katika hao 7, Wazungu walikuwa 5 na Wahindi 2. Mwafrika hakuwemo hata mmoja, ilhali ndiye mwenye nchi na ndiye aliyelipa kodi ya kichwa na kodi ya nyumba.

Gavana alikuwa na hoja yake. Alisema kuwa hakuonekana mwenyeji mwenye Kiingereza cha kutosha kushiriki katika mijadala, na kwamba maslahi ya wenyeji yangesemewa na yeye mwenyewe pamoja na maafisa wake, akiwemo Katibu wa Mambo ya Wenyeji. Tuitazame hoja hii kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni kwamba elimu ya mtu ilipimwa kwa lugha ya mtawala. Sheikh aliyesoma fiqhi na mirathi kwa miaka 20, akawa anasuluhisha ugomvi wa mashamba na ndoa kuanzia Mohoro hadi Kilwa, kwa kipimo hicho alihesabiwa kuwa hana la kusema. La pili ni kwamba mtu mmoja alijitwika kazi ya kuwa mtawala na wakati huo huo kuwa wakili wa anaotawaliwa. Hakimu na wakili wa mshitakiwa wakiwa ni mtu mmoja, mshitakiwa hana wakili.

Utaratibu wa Baraza ulikuwa na sura ya haki. Muswada ulichapishwa katika Gazeti la Serikali, ukasomwa mara ya kwanza, ukajadiliwa katika kusomwa mara ya pili, ukapitiwa kifungu kwa kifungu katika kamati, ukasomwa mara ya tatu, kisha Gavana akatia saini. Maneno ya wajumbe yaliandikwa na kuhifadhiwa. Lakini Gavana huyo huyo aliyetia saini ndiye aliyekalia kiti cha urais wa Baraza, na ikawa hivyo hadi mwaka 1953 alipoteuliwa Spika wa kwanza, Brigedia William Scupham. Wajumbe watumishi walikuwa wengi kuliko wengine, na kura zao zilikuwa za Serikali. Mijadala yote iliendeshwa kwa Kiingereza. Mkazi wa delta alizijua sheria hizo pale tu zilipomfikia kwa mkono wa askari au mkusanya kodi.

Matunda ya kutokuwepo

Tutoe mifano miwili, mmoja wa elimu na mwingine wa mikoko yetu.

Baraza halijatimiza hata miaka miwili lilikuwa limekwishapitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1927. Kabla ya sheria hiyo, mwezi Oktoba 1925, ulifanyika mkutano mjini Dar es Salaam baina ya Serikali na wamishionari kuhusu elimu ya Waafrika. Kwa sheria hiyo ukawekwa utaratibu wa ruzuku kwa shule za taasisi zilizofuata mtaala na viwango vya Serikali, na kamati ya ushauri ambayo ndani yake walikaa wawakilishi wa misheni. Vyuo vya Kurani vya pwani yote, ambavyo vilikuwa vikiwafundisha watoto kusoma na kuandika tangu kabla ya Mjerumani kukanyaga nchi hii, havikuwa na mtaala huo, kwa hiyo ruzuku haikuvifikia.

Tunalisema hili bila ya chuki kwa ndugu zetu Wakristo. Wao walikuwa na watu waliokaa katika mkutano, wakasema, wakasikilizwa. Sisi hatukuwa na mtu mezani wa kuuliza: na walimu wa vyuo je, wakiongeza hesabu na maandishi ya Kilatini, nao watasaidiwa? Huenda jawabu lingekuwa hapana. Lakini swali lenyewe halikuulizwa, na matokeo yake tumeyaona kwa vizazi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Ama mikoko, habari yake ni ndefu zaidi. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki, upatao hekta 53,000. Msitu huu uliwekwa chini ya mkono wa Serikali tangu enzi za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza wakaja na Sheria ya Misitu ya mwaka 1921, ambayo ilitolewa na Gavana kabla hata Baraza halijaundwa. Kisha mwaka 1957 ikapitishwa Sheria mpya ya Misitu katika LEGCO, na hiyo ndiyo iliyotawala misitu yetu kwa zaidi ya miaka 40, nusu karne karibu, hadi ilipofutwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002.

Je, mwaka 1957 Baraza lilikuwaje? Waafrika wa kwanza walikuwa wameteuliwa mwaka 1945, nao ni Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Baadaye wakaongezwa Chifu Adam Sapi Mkwawa na Mwalimu Juma Mwindadi wa Dar es Salaam. Mwaka 1955 ukaletwa mpango wa usawa wa rangi: viti 30 vya wawakilishi viligawanywa 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. Waafrika wakati huo walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapatao elfu 20. Wajumbe hao pia waliteuliwa, hawakuchaguliwa na wananchi, na upande wa Serikali uliendelea kuwa na wingi wa kura.

Kwa hiyo Sheria ya Misitu ya mwaka 1957 ilipopita, mkulima wa mpunga wa delta hakuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe ndani ya ukumbi ule. Hakuwepo wa kueleza kwamba katika delta shamba huhama pamoja na mto. Kwamba mkondo ukihama na maji ya chumvi yakiingia katika mashamba ya zamani, mkulima hufuata maji baridi yalipo. Kwamba baina ya mchu, mkandaa, msinzi na mkoko mwenyewe kuna tofauti ambazo mkata boriti anazijua na karani wa mjini hazijui. Wala hatusemi kwamba mikoko isihifadhiwe. Mvuvi ndiye wa kwanza kujua kwamba mikoko ikiisha na kamba wamekwisha, na kutunza alichotukabidhi Allah (S.W.) ni amana juu yetu. Tunachosema ni kwamba sheria ya kuhifadhi iliyotungwa bila ya wanaoishi ndani ya kinachohifadhiwa huwafanya wenyeji kuwa wahalifu katika makazi yao. Ugomvi wa mashamba ya mpunga ndani ya mikoko, ambao umejirudia mara kwa mara katika delta hii, mzizi wake mmoja uko hapo.

Mashauriano katika dini yetu

Uislamu umelipa jambo la mashauriano uzito mkubwa kiasi kwamba Kurani ina sura nzima inayoitwa Shura. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipokea Wahyi, na bado aliwashauri watu wake. Kabla ya vita vya Uhud rai yake ilikuwa ni kubakia ndani ya Madina. Wengi, hasa vijana, wakaona watoke nje kumkabili adui, naye akaifuata rai ya wengi. Katika vita vya Khandaq shauri la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman al-Farisi, mtu mgeni katika nchi ya Waarabu, na halikukataliwa kwa sababu ya asili yake au lahaja yake.

Nao mafakihi wetu wameweka kanuni kwamba maamuzi ya kiongozi juu ya raia yanapaswa kufungamana na maslaha ya raia hao. Maslaha hayajulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kuwauliza wahusika. Lakini shura ina pande mbili, na upande wa pili tumekuwa tukiusahau. Ikiwa ni wajibu wa kiongozi kuuliza, basi ni wajibu wa aliyeulizwa kujibu, tena kwa elimu na ukweli. Lau Salman angenyamaza, handaki lisingechimbwa.

Walichofanya waliotangulia

Babu zetu hawakuwa na kiti, lakini hawakukaa kimya. Wameru walipofukuzwa katika ardhi yao mwaka 1951 walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 akaeleze dhulma hiyo. Gavana Twining alipounda Kamati ya Maendeleo ya Katiba mwishoni mwa mwaka 1949 kuchunguza muundo wa Baraza, chama cha TAA kiliandika maoni yake na kuyawasilisha mwaka 1950. Katika Kamati Ndogo ya Siasa iliyoifanya kazi hiyo walikuwemo Sheikh Hassan bin Ameir, Abdulwahid Sykes na Dakta Vedast Kyaruzi. Tuzingatie jina la kwanza. Mwanachuoni mkubwa wa nchi hii alikaa na daktari Mkristo na vijana wa mjini wakajadili katiba ya mkoloni. Hakuona kuwa kalamu ya kuandikia maoni ya sheria inapingana na kalamu ya kuandikia tafsiri.

Kisha likaja jambo ambalo lina mafunzo makubwa kwetu. Mwalimu Julius Nyerere aliteuliwa kuingia katika Baraza mwaka 1957, na Desemba mwaka huo huo akajiuzulu, kwa kuwa aliona hasikilizwi. Mwezi uliofuata, Januari 1958, TANU ikakutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu. Uchaguzi huo ulikuwa na masharti mabaya. Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ili aandikishwe alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na wadhifa unaotambuliwa. Mgombea naye ilimlazimu ajue Kiingereza. Wapo waliosema kwa haki kabisa kwamba uchaguzi wa namna hiyo ni tusi na usisogelewe. Wengine wakasema tuingie, tuubadilishe tukiwa ndani. Rai ya pili ikashinda. Zuberi Mtemvu akatoka na kuunda chama chake. Wagombea waliokubaliwa na TANU wakashinda katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Kuna ndugu zetu ambao kila wakiambiwa waende kwenye mkutano wa kijiji, au watoe maoni juu ya muswada, hujibu: "Kwenda kwetu na kutokwenda ni mamoja, wameshaamua." Hatuwabezi, kwa kuwa wako waliokwenda na hawakusikilizwa. Lakini waliokutana Tabora walikuwa na sababu nzuri zaidi ya kususa kuliko sisi, na hawakususa. Wala Nyerere hakukikataa kiti kwa sababu ya uvivu wa kuhudhuria. Alikiacha kiti cha kuteuliwa, kisha akakitafuta cha kuchaguliwa. Na hapa kwetu delta, mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipokuja mpango wa mradi mkubwa wa kufuga kamba ndani ya mikoko, wakazi walisema, waliandika, na wapo waliofika mahakamani. Mradi ule haukusimama. Sauti ya mtu wa delta husikika pale anapoitoa.

Hali yetu leo

Milango iliyofungwa mwaka 1926 leo ipo wazi kwa sehemu kubwa. Kikwazo cha lugha alichokitaja Cameron kimeondolewa hatua kwa hatua. Bunge lilianza kujadili kwa Kiswahili baada ya uhuru, lakini sheria zenyewe ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza hadi mwaka 2021, yalipopitishwa marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Ni miaka 95 tangu kikao kile cha kwanza. Muswada huchapishwa kabla ya kusomwa, hupelekwa katika Kamati ya Bunge, na Kamati huwaalika wananchi na taasisi kutoa maoni.

Karibu zaidi na sisi, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo hutakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Sheria ndogo za kijiji, ziwe za mazingira, za uvuvi au za mifugo, hupendekezwa na Halmashauri ya Kijiji, huletwa mbele ya mkutano huo zitolewe maoni, kisha hupelekwa kwenye Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo imefungua njia ya vijiji kuingia katika makubaliano ya usimamizi wa pamoja wa misitu. Kwa maneno mengine, LEGCO ya Kiongoroni ipo Kiongoroni, na wajumbe wake ni sisi.

Basi wajumbe wako wapi? Siku ya Ijumaa msikiti hujaa hadi barazani. Siku ya Mkutano Mkuu wa Kijiji huonekana wachache, akina mama wamekaa nyuma kimya, vijana wako dago, wakulima wako madunguni wakilinda mpunga. Muhtasari husomwa, mikono hunyooshwa, sheria ndogo hupita. Baada ya miezi sita mtu hutozwa faini, naye huuliza kwa hasira: nani aliyeitunga? Babu yake alikuwa na haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu alizuiliwa mlangoni. Mjukuu hakuzuiliwa.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za misikiti yetu mambo manne.

Kwanza, kila msikiti uteue watu wawili, mmoja kijana aliyesoma na mmoja mzee anayeijua mito na mashamba, wawe na kazi ya kutafuta rasimu za sheria ndogo na miswada inayohusu ardhi, misitu na uvuvi, wazisome na kuwaeleza watu kwa lugha nyepesi baada ya sala. Kusoma pasipo kujua mto, au kujua mto pasipo kusoma, hakutoshi.

Pili, viongozi wa vijiji waombwe kupanga mikutano siku za maji mafu, wakati wavuvi wengi wapo nyumbani, na isiwe katika msimu ambao kila mkulima yuko shambani. Hili ni dogo kulitaja, lakini mkutano unaoitishwa wakati wa bamvua umekwishawaacha nje nusu ya wenyewe.

Tatu, maoni yaandikwe. Neno la mdomo hupotea na upepo, na mijadala ya LEGCO tunaijua leo kwa sababu tu iliandikwa. Maoni yataje kifungu, yataje mto au shamba linalohusika, yaeleze madhara na yapendekeze badala yake. Yaandikwe kwa adabu na bila ya uongo, kwani ushahidi ni amana. Nakala moja ibaki msikitini.

Nne, akina mama wasikilizwe. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1926 lilipoanzishwa Baraza, alikuja kuwa Mbunge wa Rufiji. Mwanamke wa Kiislamu aliyewakilisha Rufiji hakuwa jambo geni kwa bibi zetu, na lisiwe geni kwetu kumpa mwanamke nafasi ya kusema katika mkutano wa kijiji chake, naye ndiye anayelima mpunga na kuchota maji.

Ndugu Waislamu, wakoloni waliwatungia sheria watu wasiokuwepo, na hiyo ilikuwa dhulma yao. Sisi tukiendelea kutungiwa sheria katika mkutano ambao mlango wake uko wazi nasi tumekaa nje, dhulma hiyo tutakuwa tunajifanyia wenyewe. Mkutano Mkuu wa robo hii ya mwaka utakapoitishwa, kila mwenye miaka 18 na kuendelea aende, akae mbele, aombe rasimu isomwe yote kabla mikono haijanyooshwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, atupe viongozi wanaoshauriana na raia wanaoshaurika, na aibariki mito na mashamba ya delta yetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.